Dole gumba linakwama kila nikibadili kodi: jibu kwa mpiga gitaa wa Kibirizi

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Kibirizi, Kigoma. Mchana nasaidia nyumbani kuanika dagaa, jioni niko kwaya. Mwaka jana nilipata gitaa kavu la nyuzi za chuma. Kucharaza naweza kidogo, kodi za C, F na G nazijua, ila kila wimbo nikiupiga unafanana na uliopita. Natamani kudonoa kwa vidole kama wazee wa zamani, mtu mmoja unamsikia kama wawili. Nikijaribu, dole gumba linasimama kila nikibadili kodi, vidole vya kushoto vinauma, na kucha zinakatika. Niache vidole nianze upya na piki? Na itanichukua muda gani?*

Marahaba, mwanangu. Usianze upya, na piki, kile kibao chembamba cha kucharazia, usiitupe.

Kufanana kwa nyimbo na gumba kukwama ni ugonjwa mmoja: mkono wako wa kulia unausubiri wa kushoto. Wa kushoto ukichelewa kutafuta kodi, yaani mpangilio wa vidole unaotoa sauti kadhaa pamoja, wa kulia nao unasimama kungoja. Kwenye ngoma, mchezaji akijikwaa mpigaji haachi kupiga, mchezaji ndiye anayehangaika kurudi kwenye mdundo. Mkono wa kulia ndiyo ngoma yako. Karibu yote nitakayokueleza ni namna ya kuuzoesha usisimame, uwe umeshika piki au uko mtupu.

Maumivu ni habari nyingine, na nitaanza nayo, maana gitaa lenye nyuzi zilizokaa juu litakushinda hata ufanye mazoezi usiku na mchana.

Tafuta kadi za benki zilizokwisha muda. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu zikibebana unapata kama milimita 2.3. Hesabu vyuma vya shingo hadi cha 12 (ubavuni mara nyingi pana nukta mbili), kisha zichomeke kadi kati ya chuma hicho na uzi wa 6, ule mnene kuliko wote. Zikiingia tatu bila kuunyanyua uzi, gitaa lako liko vizuri. Zikipita tano na bado pana nafasi, hapo umefika karibu milimita 4, na vidole vyako vina haki ya kulalamika. Uzi wa 1 ukae chini zaidi kidogo, milimita 2 hivi.

Dawa iko kwenye daraja, mbao iliyogundishwa tumboni mwa gitaa: ni kile kipande chake cheupe cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi zinapita juu yake. Legeza nyuzi, kitoe, ukisugue upande wa chini kwa msasa uliolazwa juu ya kioo ili kisipinde. Hesabu yake ni hii: ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye chuma cha 12, sugua milimita 2. Chora mstari wa penseli kabla hujaanza, na usugue kwa awamu, maana ulichokisugua hakirudi. Upande wa juu usiuguse kabisa.

Kagua na kule kichwani. Bonyeza uzi wowote kwenye chumba cha 3 (chumba ni ile nafasi kati ya chuma na chuma), halafu chungulia juu ya chuma cha 1. Panatakiwa pabaki upenyo wa unywele tu. Ukiona nafasi ya kupitisha kadi, hiyo ndiyo sababu F inakuliza, na mifereji ile ya nyuzi inahitaji fundi mwenye tupa nyembamba. Kazi hiyo usiifanye kwa kisu cha jikoni.

Halafu jiridhishe kwamba gitaa lenyewe ni la nyuzi za chuma kweli. Likiwa na shingo pana na kichwa chenye matundu mawili marefu, hilo lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Seti ya nailoni inavuta kama kilo 40 kwa jumla, ya chuma inafika 70 na zaidi. Ukilifunga chuma, tumbo la gitaa litavimba nyuma ya daraja na siku moja daraja litang'oka. Kama ni la chuma kweli, omba seti inayoanzia 0.010, yaani uzi wa 1 una unene wa sehemu 10 kati ya 1000 za inchi. Magitaa mengi ya dukani huja na 0.012, ambayo inalia kwa nguvu zaidi lakini inamtesa anayeanza. Unaweza pia kutyuni nusu sauti chini na kufunga kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, chumba cha 1: nyuzi zinalegea, vyumba vinakuwa vidogo, na kwaya haitajua tofauti.

Kapo usiyo nayo unaitengeneza kwa penseli na utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Laza penseli juu ya nyuzi, karibu kabisa na chuma, zungusha utepe nyuma ya shingo, kaza. Uzi mmoja ukifa sauti, penseli imepinda.

Na kidole cha kushoto kikae nyuma tu ya chuma, si katikati ya chumba. Fanya jaribio: gusa uzi bila kuubonyeza, donoa, ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi. Hapo ndipo pa kuishia. Wengi tunabonyeza mara mbili ya hiyo bila kujua.

Sasa twende mkono wa kulia, na hapa nitakaa sana.

Umesema nyimbo zinafanana. Nadhani unacharaza nyuzi zote sita, kwa nguvu ileile, kila pigo. Weka kiganja cha kushoto juu ya nyuzi bila kubonyeza ili zifie, zitoe "chaka" tu. Hesabu kwa mdomo moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Kila namba mkono unashuka, kila "na" mkono unapanda, kama mtu anayekung'uta maji mkononi. Mkono hauachi kushuka na kupanda hata mara moja. Kitu pekee kinachobadilika ni kama umegusa nyuzi au umepita hewani. Mtindo unaofaa nyimbo nyingi ni huu: moja gusa, "na" pita hewani, mbili gusa, "na" gusa, tatu pita hewani, "na" gusa, nne gusa, "na" gusa. Kwa mdomo inakuwa chini, chini-juu, juu-chini-juu. Anayeanza hukosea kwenye tatu: kwa kuwa hagusi uzi, anasimamisha mkono, na akisimamisha tu anachelewa kurudi. Mkono ushuke hata kama hauna kazi huko chini.

Unaposhuka gusa nyuzi nne au tano. Unapopanda kwangua tatu nyembamba tu, tena kwa wepesi. Pigo la mbili na la nne lipe uzito kidogo. Hayo matatu peke yake yatazitofautisha nyimbo zako.

Piki ya kucharazia iwe laini, kati ya milimita 0.6 na 0.75. Zile nene zinagonga nyuzi kama msumari. Ukikosa, kata ile kadi ya benki uliyopimia. Unene wake uko palepale, ilainishe ncha kwenye sakafu ya saruji. Ishike ibaki inachomoza kama nusu sentimita, isizidi, na usiibane kama umeshika nauli.

Kabla ya kudonoa pita kwenye hatua ya katikati: besi kisha chaka. Shika C. Moja, gumba linapiga uzi wa 5 peke yake. Mbili, kwangua nyuzi nyembamba. Tatu, gumba uzi wa 4. Nne, kwangua tena. Kwa nyimbo za vitabuni zinazohesabiwa tatu, inakuwa besi, chaka, chaka. Kule Marekani, mpiga gitaa Maybelle Carter alijulikana kwa jambo linalofanana na hili: gumba linapiga sauti ya wimbo kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinajaza mdundo kwenye nyembamba. Ukiishia hapo tu, kwaya yako imepata mpiga gitaa.

Lakini wewe unataka mtu mmoja asikike wawili. Siri ya wale wazee ni kwamba gumba na vidole vina kazi mbili zisizoingiliana. Gumba ni besi, linapiga kila namba, moja mbili tatu nne, kama saa. Vidole vinaimba juu yake. Na usidhani unahitaji vidole vingi. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ng'ambo ya ziwa lako, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, leo Likasi, alitumia gumba na shahada tu. Merle Travis wa Kentucky, ambaye mtindo wa gumba linalopishana umechukua jina lake, naye kwa sehemu kubwa alitumia viwili hivyohivyo. Vidole vinne ni vya baadaye, na wengi hawavihitaji kamwe.

Kwa hiyo wiki za kwanza, gumba peke yake. Hili watu wanaliruka kwa kuwa halina utamu, kisha wanalalamika miezi sita. Kila kodi ina nyuzi zake za gumba: G ni wa 6 na wa 4, C ni wa 5 na wa 4, F ni wa 4 na wa 3, Am ni wa 5 na wa 4, E ni wa 6 na wa 4, Dm ni wa 4 na wa 3. Gumba linapishana hapo, nene-nyembamba-nene-nyembamba, bila kukoma. Kama simu haina chaji, saa ya ukutani inagonga mara 60 kwa dakika, na huo ndio mwendo wa kuanzia. Gonga besi moja kwa kila "tik".

Namna gumba linavyokaa ina maana kubwa. Litangulie mbele ya vidole, kuelekea shingo ya gitaa, vidole vibaki nyuma upande wa daraja. Ukitazama kutoka juu unaona kama herufi X. Likiingia nyuma, ndani ya kiganja, litagongana na shahada kila mara na utadhani vidole vyako vizito. Lisukume kutoka kwenye fundo la chini, kiungo cha juu kisikunjike. Uzi usiuvute nje kama unang'oa mwiba, utapiga "twaa" na kugonga vyuma. Usukume kwa kuutelezesha kuelekea uzi unaofuata. Halafu lalisha ukingo wa kiganja kidogo sana juu ya nyuzi nene pale zinapoingia kwenye daraja. Besi itatoka fupi, "dum dum", kama ngoma ndogo, na wimbo wa juu utasikika wazi. Ukienda mbele ya daraja kupita kiasi sauti inakufa kabisa. Tafuta mahali penyewe kwa kusogea milimita mojamoja.

Sasa lile lililokuleta: gumba kusimama kwenye mabadiliko.

Shika C hivi: kidole cha pete uzi wa 5 chumba cha 3, cha kati uzi wa 4 chumba cha 2, cha shahada uzi wa 2 chumba cha 1. Tazama pete na kati tu. Viko kama ngazi mbili. Sasa ihamishe ngazi hiyo uzi mmoja juu, kuelekea nyuzi nene, bila kubadili umbo: pete inaangukia uzi wa 6 chumba cha 3, kati uzi wa 5 chumba cha 2. Hiyo ni G. Inua shahada, kidole cha mwisho kiweke uzi wa 1 chumba cha 3. Rudi C. Sasa ihamishe ngazi ileile uzi mmoja chini, kuelekea nyembamba: pete uzi wa 4 chumba cha 3, kati uzi wa 3 chumba cha 2. Shahada haiondoki chumba cha 1, inalala tu ili ishike uzi wa 2 na wa 1 pamoja. Hiyo ni F. Uzi wa 1 ukikataa kulia, usiulazimishe, uache wazi. Sauti inakuwa na huzuni kidogo, haiharibu wimbo.

Umeona? G, C na F ni umbo moja linalopanda na kushuka. Kinachokuchelewesha ni kuinua vidole vyote hewani na kuvipanga upya kila mara. Na Am ukitoka C ni rahisi zaidi: shahada na kati vinabaki palepale, pete tu inatoka uzi wa 5 kwenda uzi wa 3 chumba cha 2. (Kodi hizi nne, tofauti na za mwenye nyumba, ukizilipa mara moja umemaliza.)

Jambo la pili kwenye mabadiliko: kidole kitakachobeba besi kifike kwanza. Ukienda G, pete ndiyo itue kwenye pigo la moja, vingine vifuate ndani ya nusu pigo. Gumba likipata uzi wake, msikilizaji hajui kwamba kodi haijakamilika.

La tatu, wapigaji wote hulifanya lakini hawalisemi: kodi ya zamani iachie kwenye "na" ya mwisho, kabla ya moja. Kwa nusu pigo hiyo nyuzi zinalia wazi, na sikio la mtu halishtuki. Anayeng'ang'ania C mpaka mwisho kabisa ndiye anayechelewa G.

Zoezi lenyewe: gumba tu, mapigo manne C, manne G, manne C, manne F. Mkono wa kushoto ukikosea, uache ukosee. Gumba lipige hata uzi usio na kodi, hata utoke mlio wa ajabu. Ukisimama kurekebisha kidole, umejifunza kusimama. Mizunguko minane mfululizo bila gumba kukata, panda mapigo 4 kwa dakika. Ukianza kuyumba, shuka 8, usijikaze palepale. Utajua gumba limeiva pale mtu atakapopita akakusalimu "mwakeye" ukamwitikia bila pigo kupotea. Kabla ya hapo usiongeze kidole.

Baada ya hapo ongeza hiki kwenye C:

moja: gumba uzi wa 5, pamoja na kidole cha kati uzi wa 1
na: kimya
mbili: gumba uzi wa 4
na: shahada uzi wa 2
tatu: gumba uzi wa 5
na: kidole cha kati uzi wa 1
nne: gumba uzi wa 4
na: kimya

Shahada inamiliki uzi wa 2, kidole cha kati uzi wa 1, na havihami hata ukienda G au F. Anayehama ni gumba. Ukipenda njia ya Mwenda, shahada ishike nyuzi zote mbili, kati ipumzike. Mapigo yarudishe 50, hata 45. Panapokwama karibu kila mtu ni pale kwenye mbili-na-tatu, kwa sababu shahada inapopiga gumba linataka kuifuata pamoja. Kata kipande hicho peke yake, "mbili, na, tatu", ukirudie mara 20, ndipo ukirudishe ndani ya mzunguko. Kurudia mzunguko mzima ukiwa na kosa lilelile mahali palepale ni kulipalilia.

Kuhusu kuegemeza kidole cha mwisho juu ya mbao ya gitaa, walimu wanagombana. Mimi nasema egemeza kama unagusa uso wa mtoto aliyelala. Ukikibonyeza mpaka fundo limebadilika rangi, kidole cha pete kinafungwa na mkono wote unakakamaa.

Ukifika hapa umeshapata mapambo ya kuimbia. Kilichobaki ni kuufanya uzi uimbe wimbo wenyewe, na hapo nyie wa kwaya mna bahati kubwa, kwa kuwa mmezoea sol-fa. Ukiwa kwenye C, do iko uzi wa 2 chumba cha 1, tayari chini ya shahada. Re ni uzi huohuo chumba cha 3, iguse kwa kidole cha mwisho huku vingine vikibaki mahali. Mi ni uzi wa 1 wazi. Fa ni uzi wa 1 chumba cha 1, laza shahada. So ni uzi wa 1 chumba cha 3, kidole cha mwisho tena. Kushuka chini ya do, ti ni uzi wa 2 wazi, la ni uzi wa 3 chumba cha 2, so ya chini ni uzi wa 3 wazi.

Chagua wimbo mfupi wa kubembelezea mtoto, wenye sauti zisizozidi sita. Uimbe kwa sol-fa kwanza bila gitaa. Kisha upige sauti za wimbo zikianguka pamoja na gumba tu, kila moja kwenye namba. Ukisimama vizuri, chukua sauti moja, moja tu, uisogeze kwenye "na" iliyotangulia, yaani iwahi kabla ya gumba. Ghafla wimbo unaanza kucheza. Ule mchezo unaousikia kwa wazee ni huo: gumba halijasogea hata kidogo, wimbo ndio unaowahi. Kodi ya kuweka chini yake kwa kuanzia: sauti nzito ya mstari ikiwa do, mi au so, weka C, ikiwa fa au la, F, ikiwa re au ti, G. Sikio litakukosoa panapohitajika, na lifuate.

La inapotokea ukiwa C inasumbua, kwa kuwa kidole cha kati kiko uzi wa 4. Usihangaike, hamia F. Pale la imeshikwa tayari.

Do ya C ikiwa chini mno kwa sauti yako, peleka kapo chumba cha 2, piga maumbo yaleyale, itatoka D. Chumba cha 4 ni E. Usijifunze kodi mpya kwa sababu ya mwimbaji.

Ukitaka kumwiga mtu kwa kumsikiliza, YouTube ina sehemu ya kupunguza kasi hadi 0.75 au 0.5 na sauti haishuki. Sikiliza besi tu mara tatu kabla ya kuusikiliza wimbo wa juu. Na kama kuna msomaji wa mashoto hapa: mpiga gitaa Mmarekani Elizabeth Cotten alilipindua gitaa la mkono wa kulia bila kubadili nyuzi, akawa anapiga besi kwa vidole na wimbo kwa gumba. Inawezekana, ila utapata taabu ya mwalimu.

Kucha. Za kushoto zikate ziishie kwenye nyama, bila huruma. Za kulia, nyuzi za chuma zitazila tu, tena kwa kazi yako ya kila siku hazitakua. Piga kwa nyama ya ncha ya kidole. Sauti ni ya chini kidogo lakini ni tamu, na baada ya wiki tatu ngozi itakuwa imekomaa. Ukibaki na kucha ndogo, isizidi milimita 1 kupita nyama, na ilainishe kwa msasa, kwa sababu kucha yenye meno ndiyo inayonasa uzi na kukatika. Gumba likiuma sana, kuna piki ya kuvaa kwenye gumba kama pete. Nunua inayobana bila kuzuia damu.

Sugu za kushoto zinajitokeza ndani ya wiki mbili hadi nne, na zina adui mmoja, maji. Ukitoka kufua au kuosha dagaa, ngozi imelowa na kulainika, na ukipiga hapohapo uzi utaichana. Subiri saa moja ikauke. Mikono yenye mawese usiiguse kwenye nyuzi kabisa. Mafuta yanaingia kwenye mizunguko ya nyuzi nene, zinakuwa bubu, na hakuna kitambaa kitakachoyatoa.

Muda: dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinashinda saa tatu za Jumamosi, kwa kuwa kinachojengwa ni mazoea ya misuli. Kwa mwendo huo gumba linatulia baada ya wiki tatu au nne, ule mzunguko wa mapigo manne unashikamana na mabadiliko ya kodi ndani ya miezi miwili au mitatu, na wimbo mmoja kamili, besi chini na sauti juu, tegemea kuanzia mwezi wa nne. Kwaya usiiache ikisubiri. Jumapili endelea na piki, kwa mkono usiosimama. Mkono ni uleule.

Gitaa lenyewe usiliegemeze ukutani chini ya bati. Joto la mchana linailegeza gundi ya daraja. Na wasomaji wa Tabora, kiangazi chenu kikavu kinaikausha mbao mpaka ncha za vyuma zinachomoza ubavuni na kukwaruza kiganja. Lifungeni kwenye mfuko wake pamoja na kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, ndani ya kasha la sabuni lililotobolewa, na mkikague kila siku mbili tatu. Huko Kigoma unyevu wa ziwa unafanya kinyume: mbao inavimba, nyuzi zinapanda, chuma kinashika kutu. Futa kila uzi kwa kipande cha kanga kikavu kila unapomaliza, juu na chini yake. Na ukiagiza nyuzi Mwanza au Dar, agiza seti moja na nyuzi mbili za ziada za namba 1, maana huo ndio unaokatika, na hukatika siku ya mkesha.